Sikio Lina Mwenyewe

(Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, na kuchapishwa humu kwa idhini ya Halmashauri.)



Kwa heshima nyingi nasimama mbele yenu. Kazi ya karani, kama mjuavyo, ni kuandika maneno ya wengine, si kusema yake mwenyewe; na kama Bwana Mwenyekiti asingalinipa ruhusa, nisingalithubutu kusimama mahali hapa penye wazee walionizidi umri na busara. Naomba mnivumilie kwa muda mfupi, maana jambo nililo nalo lahusu fedha zenu, na zaidi ya fedha, lahusu masikio ya wazazi wetu.

Katika Taarifa ya mwaka jana, katika ukurasa uliotangulia hesabu, mtaona mstari huu: "Vifaa 12 vya kusaidia kusikia vimegawiwa kwa wanachama wasiosikia vizuri, na kazi hiyo imekamilika." Mstari huo niliuandika mimi. Mliposomewa mlipiga makofi, na makofi yale yalikuwa ya haki, kwa kuwa fedha zilitoka mifukoni mwenu shilingi kwa shilingi. Leo nasimama kuusahihisha. Vifaa viligawiwa kweli. Lakini kazi haikukamilika, na kwa hakika ilikuwa haijaanza.

Nitaeleza jinsi nilivyopata kujua. Mkaguzi wetu wa hesabu alitaka sahihi ya kila mtu aliyepokea kifaa. Nikachukua daftari, nikazunguka nyumba kwa nyumba. Nilianza nyumbani kwetu, kwa kuwa baba yangu mzazi ni mmoja wa wale 12. Baba alifanya kazi miaka mingi katika karakana ya mabati na vyuma, akigonga kwa nyundo tangu asubuhi hata jioni, na siku hizo hapakuwa na mtu wa kumwambia azibe masikio. Nilipoomba nikione kile kifaa alimwita mama, na mama akakileta ndani ya kopo la majani ya chai, kimefungwa katika karatasi yake kama siku kilipotoka dukani. Nikamwuliza, "Baba, mbona hukivai?" Akanijibu, "Mwanangu, nilikivaa siku tatu. Kinaniletea kelele zote za dunia isipokuwa sauti zenu." Kisha akatia sahihi, maana ni kweli alikipokea.

Nikaenda kwa wengine. Katika nyumba zote 12 nilikuta vifaa vitatu tu vinavyovaliwa. Kwa wawili betri zilikuwa zimekwisha, nao hawakuambiwa zinunuliwe wapi wala za namna gani. Kwa wengine kifaa kilipiga miluzi kila walipotafuna chakula, kwa kuwa kiziba chake hakikulingana na tundu la sikio. Mama mmoja mkongwe nilimpeleka mimi mwenyewe hospitalini. Tabibu akatazama ndani ya masikio yake kwa taa, akakuta yamezibwa na nta ngumu. Akayalainisha kwa dawa, akayaosha, na mama yule akarudi nyumbani akisikia pasipo kifaa chochote. Mzee mwingine sikio lake lilikuwa likitoa usaha tangu ujana wake. Nasi tulimzibia sikio lile lile, usaha ukazidi, hata akalazimika kutibiwa.

Kulikuwa pia na kijana fundi viatu, aliyezaliwa kiziwi na kusomeshwa katika shule ya viziwi. Yeye alichukua kalamu mkononi mwangu akaandika katika daftari langu: "Sikuomba mashine. Naomba mkalimani wa lugha ya ishara katika Mkutano Mkuu." Kijana huyo ameketi pale mbele, na leo kwa mara ya kwanza mkalimani amesimama kando yangu. Katiba yetu ya mwaka 2010 inampa haki ya kutumia lugha yake ya ishara. Sisi tulimpa kitu asichokihitaji, tukamnyima alichokihitaji.

Bwana Mwenyekiti, sisemi hayo ili nimlaumu mtu. Mwuzaji aliyetuletea vifaa alifanya biashara yake. Alipima masikio ya watu bure katika ukumbi huu huu, huku watoto wakicheza nje na redio ya jirani ikilia, na jioni akatuandikia hati ya bei. Kosa la kwanza lilikuwa letu, maana sisi ndio tulioagiza. Tuliuliza bei gani, vingapi, na vitafika lini. Hatukumwuliza hata mzee mmoja: Je, wewe unataka kusikia nini? Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sisi tulikinunua kitanda, tukawalaza wengine, tukaandika katika taarifa kwamba wamelala vizuri.

Na sasa Halmashauri imeletewa shauri la kununua vifaa vingine 20 kwa bei iliyopunguzwa, kutoka katika Mfuko wa Wazee. Kabla hamjainua mikono, naomba niseme machache niliyojifunza kwa kusoma na kwa kuwauliza wanaojua.

Kwanza, juu ya sikio lenyewe. Sauti huingia katika tundu la sikio, hupiga kiwambo kilicho ndani kama ngozi ya ngoma, nacho hutikisa vifupa vitatu vidogo, ambavyo hupeleka mtikiso katika kiungo kilichojikunja kama konokono. Humo mna maji, na vinyweleo visivyoonekana kwa macho, ambavyo kazi yake ni kuugeuza mtikiso uwe habari ya kupelekwa kwenye ubongo. Vinyweleo hivyo vikifa, kwa kelele, kwa uzee, kwa homa ya uti wa mgongo, au kwa dawa kali kama jentamisini, havioti tena. Aghalabu hutangulia kufa vile vipokeavyo sauti nyembamba. Na sauti nyembamba ndizo zilizomo katika herufi kama s, f, t na k, hali sauti nene zimo katika a, o na u. Ndiyo maana mzee husema, "Nasikia mnasema, lakini sielewi mnasema nini." Ukimtamkia kaka, taka na paka, yeye hupata a mbili tu, na lililobaki hana budi kulikisia. Ukimpigia kelele unamwongezea a, humwongezei k.

Basi kifaa kinachokuza kila sauti sawasawa ni kama mtu anayempigia mzee kelele sikioni siku nzima. Kifaa chema hukuza zile sauti zilizopungua, kwa kadiri zilivyopungua kwa mtu yule, na masikio ya watu wawili hayapungui sawa. Kwa hiyo haiwezekani kununua vifaa vya kusikia kama tununuavyo viti vya ukumbi. Kanuni za kelele kazini zilizotolewa katika nchi yetu mwaka 2005 zinakataza mtu kukaa katika kelele ipitayo desibeli 90 kwa zaidi ya saa 8 katika siku moja. Kanuni hizo zilipotoka, baba yangu alikuwa amekwisha staafu. Wengi wa wazee walioketi hapa, waliofanya kazi viwandani na katika karakana, walifanya kazi kabla yake.

Pili, juu ya wale waliotutangulia katika kazi hii. Wakati wa Vita Kuu ya Pili askari wengi wa Marekani waliharibika masikio kwa mizinga na mabomu. Katika hospitali ya jeshi iliyoitwa Deshon, mjini Butler katika jimbo la Pennsylvania, alitumwa Raymond Carhart, aliyezaliwa mwaka 1912. Huyu hakuwa daktari wa masikio. Alikuwa mwalimu wa usemi kutoka chuo kikuu cha Northwestern. Pale hospitalini askari hakupewa kifaa mlangoni na kuambiwa aende zake. Alikaa kwa wiki kadhaa. Alipimwa, akajaribishwa kifaa hiki na kile, na kwa kila kimoja ikatazamwa ni maneno mangapi anayoelewa. Akafundishwa kukitumia, akafundishwa pia kusoma midomo ya msemaji na kusikiliza kwa uangalifu. Baada ya vita Carhart alirudi chuoni kwake, na elimu hiyo ikakua ikaitwa odiolojia, yaani elimu ya usikivu. Alifariki mwaka 1975, na wenye kazi hiyo humwita baba yao.

Mwanafunzi wake mmoja, James Jerger, aliwaita wenzake wakutane Houston mwezi wa Januari 1988. Walikuwa watu 32 tu, pengine wachache kuliko walioketi katika safu tatu za kwanza hapa. Wakaanzisha chama cha wataalamu wa usikivu cha Marekani, na Jerger akawa rais wake wa kwanza. Sisi wanachama tunajua chama ni nini: ni ada, ni daftari, ni mikutano. Lakini chama cha watu wenye ujuzi kina jambo la zaidi, nalo ni kujifunga wenyewe. Kanuni za maadili za chama kile zinamtaka mtaalamu afanye yale tu aliyofundishwa, atunze siri za mgonjwa, na asikubali faida yake mwenyewe imwelekeze katika kumshauri mtu.

Katika jambo hilo la faida walibishana sana. Hata mwishoni mwa miaka ya 1970, chama kilichowatangulia, cha wataalamu wa usemi na usikivu, kiliwakataza wanachama wake kuuza vifaa kwa faida. Walihofu kwamba anayepima sikio akiwa ndiye auzaye kifaa, kila sikio atakalolipima litaonekana lahitaji kifaa. Baadaye katazo hilo liliondolewa, kwa kuwa mgonjwa naye alihangaika kwenda huku kupimwa na kule kununua, pasipo mtu mmoja wa kujibu kifaa kikishindwa. Mimi naona pande zote mbili zilikuwa na haki. Fundisho letu ni hili: mtu anaweza kupima na kuuza pia, lakini lazima aseme wazi anapata nini, na lazima awepo mtu mwingine atazamaye kazi yake. Mwaka jana kwetu hapakuwa na mtu huyo.

Tatu, nitawaeleza juu ya karatasi moja ambayo ingalituokoa. Mwaka 1997 huko Australia, katika maabara ya taifa ya usikivu, Harvey Dillon na wenzake walieleza njia yao ya kumwuliza mgonjwa. Kabla ya kupewa kifaa, mgonjwa hutaja mambo yasiyozidi matano ambayo yeye mwenyewe angependa kuyasikia vizuri zaidi, nayo huandikwa na kupangwa kwa uzito wake. Mmoja atasema, "Nataka kumwelewa mke wangu tukiwa jikoni." Mwingine atasema, "Nataka kusikia mahubiri." Akisha kukitumia kifaa kwa muda, huulizwa kwa kila jambo: Je, pamekuwa na mabadiliko? Na sasa waweza kwa kadiri gani? Karatasi hiyo haitaki umeme, wala haitaki gharama. Lakini inageuza kazi yote, maana inamfanya mwenye sikio awe ndiye kipimo. Mashine ya kupimia hueleza sikio limepungua kiasi gani. Haiwezi kueleza mtu amepungukiwa na nini.

Haya si mambo ya watu wachache. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kwamba watu zaidi ya bilioni 1.5 wana upungufu wa kusikia wa kiasi fulani, na kati yao milioni 430 hivi wanahitaji kusaidiwa. Katika kila watu 100 ambao kifaa kingewafaa, wanaokitumia ni 17 tu. Tena katika kila nchi 100 zenye kipato cha chini, 93 hazifikishi mtaalamu mmoja wa usikivu kwa kila watu milioni moja. Mwaka 2024 Shirika hilo likatoa mwongozo unaoonyesha jinsi watu wasio mabingwa, wakifundishwa na kusimamiwa, wanavyoweza kutazama sikio, kupima, kumvisha mtu kifaa na kumfuatia nyumbani. Kwa hiyo uchache wa mabingwa si udhuru wa kufanya kazi ovyo. Ni sababu ya kuipanga.

Hapo ndipo nifikapo kwenye neno uongozi. Wengi hufikiri kiongozi katika kazi ya tiba ni mwenye vyeti vingi ukutani. Vyeti ni vyema, nami siwadharau waliovisotea. Lakini kiongozi wa kweli katika kazi hii ni yule asemaye "Bado" wakati watu wote wametamani kusema "Tayari." Mwaka jana tulitaka vifaa vigawiwe siku ya sikukuu, wageni wakiwepo na picha zikipigwa. Hapakuwa na mtu wa kusema, "Bado, sikio hili halijatazamwa." Mimi karani nilikuwepo, nikaona mambo yanakwenda kwa haraka, nikanyamaza nikaandika. Kunyamaza kwangu ni sehemu ya hesabu hii.

Na sasa nitawaeleza kilichompata baba, naye amenipa ruhusa ya kusema. Nilimpeleka katika hospitali ambako kuna mtaalamu wa usikivu, binti mdogo kuliko mimi. Kabla hajagusa chombo chochote alivuta kiti, akaketi mbele ya baba mahali penye mwanga ili uso wake uonekane, akasema polepole, "Mzee, wewe mwenyewe ungependa kusikia nini?" Baba alinyamaza kitambo. Kisha akasema neno ambalo sikupata kulisikia nyumbani. Alisema, "Mimi ni mzee wa baraza. Watu huleta kesi za mashamba na za mahari. Kwa miaka minne sasa natikisa kichwa wenzangu wanapotikisa. Nataka nisikie kesi ninayoiamua."

Wazee wangu, nilitazama chini. Nilikuwa nimedhani baba anakosa kusikia redio. Kumbe alikuwa anakosa heshima yake, na watu waliokuja mbele yake walikuwa wanakosa haki yao.

Binti yule akaandika maneno hayo kama yalivyosemwa. Akatazama masikio, akayapima katika chumba cha kimya, akatuonyesha mchoro na kutufafanulia kwa Kiswahili chepesi. Akatengeneza kalibu ya tundu la sikio la baba, akakirekebisha kifaa kwa kadiri ya kile kipimo, akamfundisha yeye na mama pia jinsi ya kukivaa, kukifuta na kubadilisha betri. Akatuambia tuketi upande wa sikio lenye kifaa, tuseme mmoja mmoja, tusiseme tukiwa tumempa mgongo. Kisha akatupa siku ya kurudi. Tulirudi mara mbili, na kila mara alitoa ile karatasi akauliza juu ya baraza.

Sitaki kuwadanganya. Kifaa hakikumrudishia baba masikio ya ujana. Sokoni bado hapati kitu, na harusini huketi tu. Lakini barazani, wazee wenzake wakisema kwa zamu, anafuata shauri tangu mwanzo hata mwisho, na asipoelewa husema, "Rudia." Na kifaa hicho, Bwana Mwenyekiti, ni kile kile kilichotoka ndani ya kopo la majani ya chai. Hatukununua kingine.

Kwa sababu hiyo naleta mbele yenu hoja yenye sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni kwamba Chama kisinunue kifaa chochote kipya mpaka wale 12 wote wametazamwa tena, kila mmoja kwa haja yake. Sehemu ya pili ni kwamba tangu sasa kazi hii ifuate masharti haya sita:

1. Hakuna atakayevishwa kifaa kabla sikio lake halijatazamwa na daktari, au tabibu aliyesomea masikio. Penye nta itolewe; penye usaha patibiwe kwanza.

2. Kipimo kifanywe mahali pa kimya, na mtu aliyefundishwa kazi hiyo, na mwenyewe aelezwe matokeo katika lugha aijuayo. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ya nchi yetu nayo inataka mtu aelezwe katika lugha aijuayo.

3. Kila mtu ataje mambo anayotaka kuyasikia, yasizidi matano, nayo yaandikwe kwa maneno yake, si kwa maneno ya mwanawe wala ya karani. Asiyetaka kifaa asilazimishwe, na atumiaye lugha ya ishara apewe mkalimani.

4. Anayepima akiwa ndiye auzaye, aseme hivyo mbele ya mgonjwa. Bei ya kifaa na bei ya utunzaji ziandikwe mbalimbali, na Chama wala mtu wake asipokee bakshishi ya mwuzaji.

5. Kila kifaa kirekebishwe kwa kipimo cha mwenyewe, kalibu ilingane na sikio lake, na mtu mmoja wa nyumbani afundishwe pamoja naye.

6. Kila aliyepewa aendewe baada ya wiki mbili, baada ya miezi mitatu, na baada ya mwaka. Katika Taarifa tuandike vifaa vinavyovaliwa, si vilivyogawiwa, na malalamiko yaandikwe pia.

Ili masharti hayo yasiwe wino mtupu, naomba Halmashauri imteue mtu mmoja wa kuyajibia, na pamoja naye waketi wanachama wawili ambao wenyewe hawasikii vizuri. Neno la kukubali kazi liwe lao.

Nasikia wengine wakinong'ona juu ya gharama. Nimepiga hesabu pamoja na Bwana Mweka Hazina. Fedha za vifaa 20 vya sanduku zitatosha watu 8 hivi kwa utaratibu huu. Ninajua 8 ni haba kuliko 20, na wako watakaongoja, na kungoja kunauma. Lakini mwaka jana tulilipia 12 tukapata vitatu. Kifaa ghali kuliko vyote ni kile kilichomo kabatini.

Wengine watasema wazee wamekwisha zoea, na kwamba kutosikia ni ada ya uzee. Mimi nakataa kwa heshima. Mzee asiyesikia huanza kukaa nyuma, kisha hukaa karibu na mlango, kisha haji. Tunamkosa yeye na yote anayoyajua, kisha twamhesabu kuwa mkaidi au mwenye kupotewa na akili. Mwaka 2024 tume ya wataalamu iliyoitishwa na jarida la Lancet ilitaja kupungua kwa kusikia kuwa mojawapo ya mambo 14 yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa kusahau, nayo ni mambo yanayoweza kupunguzwa. Hili si jambo la kuchekea.

Hapo kale wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Methali hiyo tumeizoea kumtupia kila asiyetii, na mara nyingine twawatupia hata wasiosikia. Lakini masikio niliyoyaona katika nyumba zile 12 hayakuwa ya kufa. Mengine yalitaka kuoshwa tu, mengine kutibiwa, mengine kupimwa vizuri. Na yote yalikuwa na mwenyewe, aliyekuwa akingoja aulizwe.

Bwana Mwenyekiti, sina zaidi. Wazee wetu ndio waliokiunda Chama hiki, wakachanga kutoka katika mishahara midogo. Ninaomba tuwape kitu cha kuwafaa, si kitu cha kuhesabia. Na Mungu akitujalia mwaka ujao, ningependa kuandika katika Taarifa jinsi kila mmoja alivyojibu alipoulizwa kama anasikia aliyotaka kuyasikia, hata kama wengine watakuwa wamejibu la.

Natoa hoja.

(Baada ya mazungumzo marefu Mkutano ulikubali sehemu ya kwanza ya hoja kwa kura nyingi. Masharti sita yamekabidhiwa Halmashauri, pamoja na wanachama wawili waliochaguliwa kama ilivyoombwa, ili yaanze kutumika kabla ya kifaa kingine kununuliwa.)